Koti la Mahojiano

Liko nyuma ya mlango, juu ya duka la mazulia,
mji wa Swansea, ngazi ishirini na mbili kutoka barabarani.
Koti la kijivu. Mume wa Eirlys alilivaa kwenye mazishi ya wenzake,
akafa kabla hajalichakaza.

Miaka kumi na tisa linakwenda kuomba kazi.

Alilivaa Tesfalem, likampwaya mabegani.
Eirlys akalibana kwa pini mgongoni, akamwambia:
usigeuke; mkishaagana, toka kinyumenyume.
Akatoka kinyumenyume. Akapata kazi ya bohari, zamu ya usiku.

Alilivaa Dilovan, mhandisi wa madaraja kutoka Qamishli,
mara moja, mara tatu, mara sita,
mpaka mikono ya koti ikazoea kukunjika kwenye viwiko vyake,
na kila jibu likaanza na "Tunasikitika".
Dilovan anaosha magari mpaka leo.
Simfichi. Eirlys naye hamfichi:
wafadhili wanapodai idadi ya waliofaulu
huwaandikia idadi, kisha chini yake, kwa kalamu,
"na yupo mmoja ambaye deni lake hatujalilipa."

Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu za kikao.
Nilikuja kujitolea Alhamisi mbili; huu ni mwaka wa nane.
Nimeandika: Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na mbili na dakika tano.
Sikuandika kwamba alipumzika mara tatu kwenye ngazi,
amekumbatia birika la nyumbani kwake
kwa kuwa la ofisini limekufa.
Nimeandika: Ruzuku ya halmashauri imepunguzwa kwa theluthi.
Sikuandika jinsi alivyomega biskuti moja vipande vinne
akatugawia, uso mkavu.

Watu hudhani kazi yetu ni siku ile mtu anapoajiriwa:
picha, makofi, keki.
Eirlys hupiga simu mwezi wa saba,
makofi yakiwa yamepoa zamani.
"Wanakulipa kwa wakati?
Chakula cha mchana unakula na nani?"
Swali la pili nililiona la kipuuzi,
hadi Maryna, anayefua mashuka ya hospitali,
aliponyamaza kwenye simu,
akanyamaza,
kisha akasema: Na ukuta.
Siku iliyofuata Eirlys alipanda basi mbili
na mkate wake kwenye karatasi.

Mwaka huu magoti yamemshinda.
Mkutano mkuu, ajenda ya nne: uchaguzi wa mwenyekiti.
Tukatazama viatu vyetu. Hapo sote ni mabingwa.
Mvua ya Wales ikawa inapiga dirisha, isiyojua hodi wala kwaheri.
Kutoa saa mbili kwa wiki si kazi.
Kazi ni kuwa yule anayeamshwa usiku
mlango unapokwama, kodi inapochelewa,
mtu anapofukuzwa kiwandani kwa kuuliza malipo ya ziada.

Akasimama Tesfalem.
Hakuwa na koti; amenenepa, halimwingii tena.
"Kiingereza cha barua kubwa kubwa sikijui," akasema,
"wala sijui kuomba fedha kwa watu wenye fedha.
Lakini nimetoka chumbani kinyumenyume.
Nataka wanaokuja wageuke."

Nimeandika: Amechaguliwa bila kupingwa.
Sikuandika kwamba Eirlys alimpa funguo
na hakuziachia,
na Tesfalem hakuzivuta,
wakasimama hivyo, mkono wa huyu na wa yule, chuma katikati,
hadi birika lilipopiga mluzi.

Hayo yalikuwa Alhamisi.
Halmashauri, ile ile iliyotukata theluthi,
inatafuta mtu wa kukagua madaraja.
Mahojiano ni Jumatatu, ya saba kwa Dilovan.
Tesfalem ameomba ruhusa kazini ampeleke.
Kwenye mfuko wa koti amekuta tiketi ya basi, peremende,
na pini moja iliyoshika kutu.

Koti liko kwa dobi.
Msumari nyuma ya mlango uko wazi.